Kijaluba cha Sugan

Mke wangu Sugan alifariki mwezi wa Februari, na mwezi wa Oktoba mwaka huohuo nikakaribia kuharibu kazi ya miaka mitano ya mtoto wa watu. Nayaandika haya mawili pamoja kwa sababu sijui namna ya kuyatenganisha.

Mimi ni Bherulal Patidar, fundi. Nilisoma mpaka darasa la kumi na mbili, nikaajiriwa kwenye kituo cha utafiti wa mwali wa mwanga hapa Malwa wakati jengo lile la mviringo bado linanuka saruji mbichi. Ndani yake elektroni huzungushwa kwenye bomba refu la duara, na kila zinapokata kona hutema mwanga mkali wa eksirei. Mwanga huo huletwa kwenye vibanda vyenye kuta za madini ya risasi. Sisi tunaweka kitu mbele yake, kitu kinautawanya, na kwenye kinasa kilichoko nyuma zinatokea pete. Chumvi ina pete zake, chuma kina zake, mfupa una zake. Hesabu zake siziwezi, lakini pete nazijua kama ninavyojua nyuso za majirani.

Ramila Damor alikuja kwetu na sanduku la meno. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa sayansi, mtu wa vilima vya magharibi, kule ambako maji ya visima huyafanya meno ya watoto kuwa ya kahawia na kupinda miguu ya wazee. Alikuwa amekusanya meno ya utoto yaliyong'oka kijijini kwao, akayakata vipande vyembamba kama ganda la kitunguu. Alitaka kuona chembe za jino zinavyokosa mpangilio, hatua kwa hatua, kutoka kisima kimoja hadi kingine. Jino moja lilikuwa la mdogo wake, Sanu.

Alipewa siku tatu. Siku ya tatu, saa kumi na mbili jioni, mashine ilikuwa inazimwa kwa matengenezo mpaka baada ya sikukuu ya Diwali, na posho yake ya masomo ilikuwa inakatika mwisho wa mwezi.

"Mjomba, hakuna mara ya pili," aliniambia asubuhi ya kwanza. "Ukiniona nakohoa karibu na meno yangu, nipige kofi."

"Usimtume huyo," akasema Barve saheb, mkuu wa kibanda chetu, mdomo umejaa poha, ule mchele wa kupondwa wa asubuhi. "Huyu aliletwa na kreni, siku ileile zilipoletwa sumaku za mashine. Mkono wake mzito."

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Siku ya pili mafundi wa paa walikuwa wanagonga juu yetu, na vumbi jeupe likawa linashuka. Kila nilipobandika kipande cha jino kwenye kishikio, nilikipangusa kwanza kwa brashi yangu ndogo ya manyoya, ile ninayoitia mfukoni mwa shati. Meno tisa nilipangusa hivyo.

Asubuhi ya siku ya tatu nilimkuta Ramila amekaa mbele ya kompyuta na mkoba bado uko begani.

"Saheb, njoo uone," alimwambia Barve. "Kuna pete ambazo si za meno."

Barve saheb aliweka sahani yake chini. Nikasimama nyuma yao. Kweli, katikati ya pete pana za jino, zile nilizozizoea, kulikuwa na nyingine nyembamba, kali, kama zimechorwa kwa sindano. Meno ya siku ya kwanza hayakuwa nazo. Meno ya jana yote tisa yalikuwa nazo, moja nyingi, jingine kidogo.

"Ya jana ni ya nyumba zipi?" Barve akauliza.

"Za kisima cha chini. Kisima chetu. Nilipima kwa kufuata visima."

Barve akatafuta kwenye orodha ya pete zinazojulikana. Ilimchukua kama robo saa. Mimi nilikuwa nafunga nyaya ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

"Zebaki," alisema. "Zebaki na salfa. Kile kijiwe chekundu."

Ramila akavua mkoba, akauweka sakafuni taratibu kana kwamba una mayai.

"Huenda ni uchafu," akasema baadaye.

"Tupige picha ya kishikio kitupu tuone," Barve akasema.

Niliingia kibandani kubandika kishikio kitupu. Kabla ya kufungua mwali kuna utaratibu: unaingia peke yako, unachungulia chini ya meza, unabonyeza kitufe cha kona ya nyuma, unauliza kwa sauti mara tatu, "Kuna mtu?", unabonyeza kitufe cha mlangoni, unatoka, unafunga, ufunguo unautia ukutani. Ndipo taa nyekundu inawaka. Nimefanya hivyo maelfu ya mara. Tangu Februari nilikuwa nimejikuta nafanya hata nyumbani nikitoka kazini, nikiwa nimesimama mlangoni na viatu mkononi. Siku ile niliuliza huku lile neno "chekundu" likinirudia kichwani.

Kishikio kitupu kilitoka kisafi. Hakuna pete hata moja.

"Basi imo kwenye meno," Barve alisema.

"Saheb, ama kazi yangu ni chafu, ama mdogo wangu anakunywa zebaki," Ramila alisema. "Hakuna jibu la tatu. Na yote mawili siyataki."

"Ikiwa wanakunywa, siwezi kukaa kimya hadi uandike kitabu chako. Lazima nimpigie ofisa wa afya wa wilaya leo. Watakifunga kisima."

"Kile ndicho kisima pekee kule chini. Mama atateka wapi? Mtoni?"

"Nitapiga baada ya chakula. Fikiria kama kuna jambo umesahau. Lolote."

Kishikio kitupu kilikuwa kisafi kwa sababu hakuna aliyekipangusa kwa brashi. Hilo nililijua kabla taa nyekundu haijazimika.

Nilikwenda msalani, nikafunga mlango, nikautoa mfuko wa shati langu nje. Kitambaa cha ndani kilikuwa na wekundu kwenye mshono. Nikatoa brashi. Kwenye shina la manyoya, wekundu. Na chini kabisa ya mfuko kilikuwepo kijaluba.

Kijaluba kile ni cha shaba, kidogo kama tunda la zambarau, na ndani yake kulikuwa na sinduri ya Sugan, ule unga mwekundu ambao mke huupaka kwenye mstari wa nywele kila asubuhi maadamu mume yuko hai. Alipofariki, wanawake wa mtaani walimpaka sinduri mpaka kwenye paji la uso, kama bibi harusi, wakasema ana bahati, ametangulia mumewe akiwa hai. Kilichobaki walinipa mimi. Miezi saba sikukifungua kijaluba.

Katikati ya Septemba tunaiadhimisha siku ya Vishwakarma, mungu wa mafundi. Siku hiyo mashine hupumzika, mafundi tunaosha vyombo, tunavivisha maua ya manjano, na kila kabati hupakwa nukta nyekundu. Kila mwaka Sugan ndiye aliyenifungia sahani: vitamutamu vya ladu, maua, na unga wa nukta alioutengeneza mwenyewe kwa bizari ya manjano na chokaa, vinavyogeuka vyekundu vikichanganywa. Mwaka ule sahani haikuwepo. Wenzangu walikuwa na unga wa kantini. Mimi nilitoa kijaluba, nikakibandua kifuniko kwa ncha ya kisu kwa sababu kilikuwa kimeganda, nikaweka nukta moja kwenye mlango wa kibanda, kwa nje, kama sheria inavyosema. Sikuvunja sheria. Ila kifuniko kilipinda, na tangu siku ile hakikufunga sawasawa, na mimi kijaluba nikawa natembea nacho mfukoni kila siku.

Meno yenyewe yalikuwa ya kahawia. Chembe nyekundu kwenye jino la kahawia, nani angeiona?

Nataka niandike na hili, ingawa si zuri. Niliwasha bomba, nikaiosha brashi. Niliiosha kwa sabuni, nikaikausha kwa leso, na nilipokuwa naikausha niliwaza kwamba sasa hakuna atakayejua. Ramila angeyasafisha meno yake, angepima upya, pete zisingekuwepo, wangesema ni vumbi la paa. Nikarudi zangu walipokuwa.

Lakini hakuna aliyesema tusafishe meno. Kwa nini wasafishe, ikiwa zebaki imo ndani ya jino? Ramila alikuwa anaandika orodha ya nyumba za kisima cha chini, jina la mama wa kila mtoto, ili ofisa wa afya ajue aanzie wapi. Ubaoni juu ya mlango namba ya mkondo wa elektroni ilikuwa inashuka, kama inavyoshuka kila siku tangu asubuhi: mia moja na ishirini, mia moja na kumi na mbili. Mkondo ukipungua, picha moja inachukua muda mrefu zaidi.

"Mjomba, umekula?" akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Nimekula." Sikuwa nimekula.

"Mwongo. Kuna poha ya saheb pale, hajamaliza. Ameacha pilipili zote kama mtoto."

Nilikaa. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili tu kustaafu. Nilijua kanuni: kitu binafsi hakiingii kibandani, hata kalamu yako. Nilijua pia kwamba wakichukua kijaluba hawatakirudisha. Hili la pili ndilo lililonifunga mdomo, siyo la kwanza. Nilijaribu kupanga maneno, na kila niliyoyapanga yalianzia mbali mno, harusini kwetu, sokoni, hospitalini.

Saa nane kasorobo Barve saheb alirudi na simu mkononi.

"Nimepata namba yake," alimwambia Ramila. "Uko tayari?"

"Saheb, subiri," nikasema.

Wakageuka wote wawili. Nikatoa kijaluba mfukoni, nikakiweka mezani, juu ya orodha ya wale akina mama. Kikaacha duara jekundu kwenye karatasi.

"Hiki kilikuwa mfukoni mwangu pamoja na brashi," nikasema. "Brashi nimeiosha. Msiipime, mtaikuta safi. Pimeni hiki."

Barve alikiangalia, akaweka simu chini.

"Umeiosha," alisema.

"Ndiyo."

"Bheru. Miaka ishirini na miwili ya kazi."

Ramila alikuwa ameshaelewa. Hakunikemea. Alichukua mkanda wa kunata, akagusisha ncha yake kwenye unga, akanikabidhi. "Bandika, mjomba. Haraka. Saa kumi na mbili hawatatusubiri."

Nikabandika. Nikachungulia chini ya meza, nikabonyeza kitufe, nikauliza mara tatu, nikatoka. Dakika nne baadaye sinduri ya Sugan ikatokea kwenye skrini: pete nyembamba, kali, safi kuliko zilivyokuwa kwenye meno. Ramila akaziweka juu ya zile za jana. Zikalala moja juu ya nyingine bila kuachana hata unywele.

Ramila aliinamisha paji la uso mpaka likagusa meza. Nilidhani analia, kumbe anapumua tu.

Barve hakuwa anaangalia meno tena. Alikuwa anaziangalia zile pete za sinduri.

"Hii ni zebaki tupu," alisema polepole. "Siku hizi wengi wanauza rangi tu. Hii aliipata wapi?"

"Kwenye maonyesho ya hekaluni. Nilikuwa nikimnunulia mimi. Kuna mzee anauza ile ya asili, ni ghali kidogo."

"Kila siku alipaka?"

"Kila siku. Miaka thelathini na moja."

Barve alikuwa amekuja msibani kwetu, alijua Sugan alikufa kwa figo. Na mimi nilikuwa nimeshasoma, kwenye karatasi ya usalama iliyobandikwa ukutani kwetu miaka yote, zebaki inakwenda wapi ikiingia mwilini.

"Usihesabu hivyo," alisema. "Hakuna anayeweza kujua. Figo hufa kwa mambo mengi."

"Ndiyo, saheb."

"Nasema kweli."

"Nimesikia, saheb. Meno tisa. Tunaanza na lipi?"

Ilikuwa saa nane na dakika ishirini. Ramila aliyaosha meno moja moja kwenye kikombe cha kiyeyushi, akayakausha kwa hewa. Brashi yangu ilikuwa kwenye pipa la taka. Mimi nilivaa glovu mpya kwa kila jino, nikaingia, nikabandika, nikauliza kama kuna mtu, nikatoka. Jino la kwanza, dakika kumi na tano: hakuna zebaki. La pili: hakuna. Hakuna aliyefurahi kwa sauti. La tatu liliponyoka kwenye kibanio changu, likaanguka juu ya bamba la chuma, na sote tukaliangalia pale lilipolala kama vile limetuuliza swali. Halikuvunjika.

"Umeona?" Barve alisema. "Nilimwambia mkono mzito."

Kufikia la sita namba ubaoni ilikuwa sabini na kitu, na picha moja ilikuwa inachukua zaidi ya dakika ishirini. Ramila alikuwa amelipanga la Sanu mwisho. Nilimuuliza kwa nini asilitangulize.

"Kwa sababu ni la Sanu," alisema. "Nikilitanguliza nitakuwa nimechagua."

La nane lilitoka saa kumi na moja na dakika thelathini na nane. Nikaingia na la tisa. Jino lenyewe dogo kama punje ya mchele, na ukingo wake kahawia. Niliegemeza viwiko mezani, jambo ambalo huwa nawakataza wanafunzi. Kitufe cha nyuma. Kuna mtu? Kuna mtu? Kuna mtu? Kitufe cha mlangoni. Ufunguo.

Mwali ulifunguliwa saa kumi na moja na dakika arobaini na saba. Picha ilihitaji dakika ishirini na mbili. Tulikuwa na kumi na tatu.

Barve aliinua simu ya chumba cha uendeshaji. "Nipeni dakika kumi," alisema. Akasikiliza. "Najua. Najua mna basi la wafanyakazi. Basi nipeni tano." Akasikiliza tena, akacheka bila furaha. "Haya, mke wako mwambie ni mimi."

Ramila alikuwa anatafuna ncha ya shela yake. Saa kumi na mbili na dakika sita namba ubaoni ikaanguka hadi sifuri, sauti ya pampu ikabadilika, na taa nyekundu ikazimika yenyewe. Dakika kumi na tisa kati ya ishirini na mbili.

Picha ilikuwa hafifu. Ramila aliisogelea mpaka pua ikakaribia skrini, akapitisha kidole mahali ambapo pete za zebaki zilipaswa kuwa, mzunguko mzima, kisha akarudia.

"Hakuna," alisema. "Mjomba, angalia wewe. Wewe unazijua."

Niliangalia. Kulikuwa na pete za jino tu, zimechafuka pembeni, chembe zake zimekosa mpangilio kama alivyotarajia. Ugonjwa aliokuja kuutafuta ulikuwepo. Mwingine haukuwepo.

"Hakuna," nikasema.

Bibi Quraishi wa usalama alikuja na mfuko mnene wa njano wenye alama ya sumu. Alikuwa mpole. Aliniuliza kama ningependa kubaki na kijaluba kitupu, kisha akakigeuza, akaona unga umeingia kwenye nakshi, akatikisa kichwa. Shati langu pia alilichukua. Nilirudi nyumbani na koti la maabara la Barve saheb, mikono mirefu, majirani wakaniamkia "daktari".

Nilipewa barua ya onyo na kuhamishiwa stoo. Si mbaya. Kabla sijahama, Barve aliniita, akanipa karatasi moja bila maelezo. Ilikuwa picha ya pete za ule unga, na chini yake, mahali pa jina la sampuli, Ramila alikuwa ameandika: Suganbai Patidar. Ramila amemaliza masomo yake. Hunipigia simu siku za sikukuu, na kila mara kuna mtoto anayepiga kelele nyuma yake anayetaka kuongea na mjomba wa mashine.

Mwaka huu nilikwenda kwenye maonyesho ya hekaluni. Yule mzee alikuwepo palepale, vilima vyake vidogo vya wekundu vimepangwa juu ya majani. Alinikumbuka.

"Ile ya asili?" akasema. "Nimekuwekea."

Nilimwambia kilichomo ndani yake. Nilisema vibaya, kwa kigugumizi, na watu wakaanza kuangalia.

"Wewe ni daktari?" aliniuliza.

"Fundi."

"Basi katengeneze mafeni, ndugu yangu."

Wakacheka. Mwanamke mmoja kijana, mwenye bangili mpya za harusi mpaka kwenye kiwiko, alikuwa ameshika kikopo cha ule unga mkononi. Nikatoa ile karatasi kwenye koti, nikamwonyesha, ingawa nilijua hakuna pale anayeweza kuzisoma pete.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Ni sinduri ya mke wangu."

Aliiangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Kisha akamtazama mume wake, akanitazama mimi, akakirudisha kikopo mezani. Sijui kama alirudi kukichukua nilipoondoka. Niligeuka mara mbili kuangalia, na watu walikuwa wengi.